Miaka mitatu na Buildx: imeji moja kwa prosesa mbili

Ujumbe wenyewe ni mfupi: `exec format error`. Kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, linawaka, linazima, linawaka tena, na ukifungua logi hukuti kingine zaidi ya mstari huo huo umejirudia. Mara ya kwanza niliukuta kwenye kifaa kidogo chenye prosesa ya ARM, kilichotakiwa kupokea vipimo vya joto kutoka kwenye vihisi na kuvituma kwenye seva yetu. Imeji, kifurushi ambacho kontena huwashwa kutoka kwake, nilikuwa nimeijenga kwa Docker kwenye laptopu yangu ya Intel, nikaisukuma kwenye ghala la imeji, na mwenzangu aliyekuwa na kifaa akaivuta. "Kaka, haiwaki," akaniandikia. Nikamjibu kwamba kwangu inawaka bila shida. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na ilituchukua jioni nzima kutambua kwamba programu niliyompelekea ilikuwa imekompailiwa, yaani imegeuzwa kuwa maagizo ya mashine, kwa prosesa nyingine kabisa.

Tangu jioni ile natumia Buildx, na sasa imetimia miaka mitatu. Kila toleo ninalolitoa hutoka kwa amd64 (prosesa za Intel na AMD) na kwa arm64 (prosesa za ARM) chini ya jina moja. Naipenda zana hii na naipendekeza bila kusita. Ila njia ambayo mtu huanza nayo, ile ya kumwachia QEMU, programu ya kuiga prosesa, aige prosesa ya pili, ndiyo inayowakatisha wengi tamaa wakaiacha mapema, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Kwa asiyeijua, Buildx ni kiongezi cha amri ya `docker` kilichokuja mwaka 2019, na kazi yake ni kukufungulia uwezo wote wa BuildKit, injini ya ujenzi iliyo chini yake. Kuanzia Docker Engine 23.0, toleo la mwaka 2023, ukiandika `docker build` kwenye Linux tayari unapita humo humo hata kama hukukusudia. Kinachobaki ni kuiambia unataka prosesa zipi:

`docker buildx create --name mjenzi --driver docker-container --use`

`docker buildx build --platform linux/amd64,linux/arm64 -t ghala/vipimo:2.4 --push .`

Mstari wa kwanza unaandikwa mara moja tu. Wa pili ndio wa kila siku.

Uzuri wenyewe uko kwenye kinachofika ghalani. Jina `vipimo:2.4` haliendi kwenye imeji yenyewe, linaenda kwenye orodha fupi ya JSON, ambayo OCI, kiwango cha umbo la imeji za kontena, kinaiita faharasa ya imeji. Ndani ya orodha kila prosesa ina mstari wake: alama ya kipekee ya manifesti (maelezo ya imeji ya prosesa hiyo), ukubwa wake, na maneno kama `"os": "linux", "architecture": "arm64"`. Mashine inapovuta, inasoma orodha, inachukua iliyo yake, inaacha nyingine. Mtumiaji hahitaji kujua lolote. Kabla ya hapo nilikuwa natoa majina mawili, moja likiishia na `-arm`, na kila aliyeweka mfumo upya alikuwa na nafasi ya kukosea. Siku nilipofuta lile jina la pili kwenye maelezo ya usakinishaji niliona nimefanya kazi ya maana.

Hitaji hili si la wenye vifaa vidogo pekee. AWS ilitangaza seva zake za Graviton mwaka 2018, na Novemba 2020 Apple ikaanza kuuza kompyuta zenye M1. Tangu hapo hata tatizo limegeuka upande: mtu anaandika programu kwenye laptopu ya arm64, seva yake ni amd64, na imeji aliyoijaribu mwenyewe siku nzima inagoma ikifika kwenye seva. Sasa hivi timu yetu ina laptopu za aina zote mbili, na bila faharasa hii tungekuwa tunaulizana kila asubuhi nani amejenga nini.

Sasa QEMU. Programu yoyote ya Linux iliyokompailiwa ni faili la ELF. Zitazame baiti zake 20 za mwanzo kwa `head -c 20 programu | xxd`: zinaanza na `7f 45 4c 46`, ambazo tatu za mwisho ni herufi E, L na F, na baiti ya 19 ndiyo inayosema ni ya prosesa gani. Ikiwa `3e` ni amd64. Ikiwa `b7` ni arm64. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, ina sehemu iitwayo binfmt_misc inayokuruhusu kusajili mchoro wa baiti hizo na programu ya kuzishughulikia: ukikutana na faili lenye `b7` mahali pale, mpe QEMU alisome. Soma `/proc/sys/fs/binfmt_misc/qemu-aarch64` na mwishoni mwa mstari wa `magic` utaiona `b700` ikikusubiri. Usajili unafanywa kwa amri moja:

`docker run --privileged --rm tonistiigi/binfmt --install all`

Ukishafanya hivyo, laptopu ya Intel inaendesha programu za ARM ndani ya ujenzi kana kwamba ni zake. Bendera ya `F` kwenye usajili huo huifanya kerneli ifungue QEMU wakati ule ule wa kusajili na kuishikilia, kwa hiyo huhitaji tena kuinakili QEMU ndani ya kila imeji kama tulivyokuwa tunahangaika zamani. Mara ya kwanza nilipoona `uname -m` ikijibu `aarch64` kwenye laptopu yangu ya Intel, niliwaita wenzangu waje waone. Jambo moja la kukumbuka: usajili unakaa kwenye kerneli inayoendesha, hauandikwi kwenye diski, na mashine ikizimwa na kuwashwa upya unapotea. Kwenye seva ya kujengea nimeuweka kuwa hatua ya kwanza kabisa ya kila ujenzi ili nisiukumbuke kwa kichwa.

Lakini kuiga kuna gharama yake. Kila agizo la prosesa ya kigeni linatafsiriwa kabla ya kutendwa, na kazi inayoumia zaidi ni kukompaili, ambayo ni prosesa tupu mwanzo hadi mwisho. Huduma yetu ya pili imeandikwa kwa Python, na nilikuwa nimeiweka juu ya Alpine, aina ya Linux, kwa sababu imeji yake ni ndogo. Upande wa amd64 ulikwisha kwa dakika tatu. Upande wa arm64 nilikaa nikitazama mstari mmoja, `Building wheel for`, ukikaa pale pale kwa zaidi ya dakika arobaini huku feni ya laptopu ikivuma. Nikadhani umekwama, nikakatisha, nikaanza upya. Haukuwa umekwama.

Sababu ilikuwa hii. Alpine inatumia maktaba ya C iitwayo musl, ilhali vifurushi vingi vya Python vilivyokompailiwa tayari vinategemea glibc, maktaba nyingine ya C. Mpangilio wa vifurushi vya musl ulipata kiwango chake mwaka 2021, PEP 656, na si kila mwandishi wa maktaba anavitoa, sembuse kuvitoa kwa ARM. Pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ikikosa kifurushi kilicho tayari inachukua msimbo wa C na kuukompaili yenyewe, na mimi nilikuwa nimeiagiza ifanye hivyo juu ya prosesa ya kuigwa. Nilibadilisha mstari mmoja tu, kutoka Alpine kwenda Debian ya `slim`. Vifurushi vya aarch64 vikapatikana vyote, na ujenzi mzima wa pande mbili ukaisha kabla sijamaliza kujibu barua pepe mbili. Imeji iliongezeka ukubwa, ndiyo, na niliukubali ukubwa huo kwa moyo mweupe.

Kwa lugha zinazojua kukompailia prosesa nyingine, usimwite QEMU kabisa. Hapa ndipo Buildx inaponikosha. Huduma ya vipimo ni ya Go, na sehemu ya juu ya Dockerfile yake, faili la maagizo ya kujenga imeji, ni hii:

`FROM --platform=$BUILDPLATFORM golang:1.22 AS ujenzi`

`ARG TARGETOS TARGETARCH`

`WORKDIR /src`

`COPY . .`

`RUN CGO_ENABLED=0 GOOS=$TARGETOS GOARCH=$TARGETARCH go build -o /vipimo .`

Maana yake: hatua ya ujenzi iendeshwe kwenye prosesa ya mashine ninayojengea, kwa mwendo wake wa asili, na kompaila ya Go yenyewe itoe faili la prosesa inayolengwa. Buildx inazijaza `BUILDPLATFORM`, `TARGETOS` na `TARGETARCH` yenyewe kwa kila prosesa uliyoitaja. Hatua ya pili, ile nyembamba inayobaki ndani ya imeji, haina `RUN` hata moja. Ni `COPY` tu. Hakuna kinachoigwa. Nina hakika watu wengi wanaolalamika kwamba ujenzi wa prosesa mbili ni wa konokono hawajawahi kuandika `--platform=$BUILDPLATFORM` kwenye `FROM`. Usisahau kuweka `ARG` baada ya `FROM`. Ukiiweka juu yake, ndani ya hatua thamani inakuwa tupu, Go inakompailia mashine uliyopo, na hakuna onyo lolote.

Hilo la kutokuwa na onyo ndilo lililoniletea siku mbaya kuliko zote. Imeji yetu nyingine inabeba pia zana ndogo ya kukandamiza data, inayopakuliwa kwa `curl` wakati wa ujenzi. Zamani nilikuwa nimeandika anwani yake kwa ukamilifu, ikiishia na `linux-amd64.tar.gz`. Nilipohamia prosesa mbili niliisahau. Ujenzi ukapita. `docker buildx imagetools inspect` ikanionyesha amd64 na arm64, vizuri kabisa. Hata nilikuwa na mstari wa kujihami, `RUN zana --version`, nao ukapita kwa pande zote mbili. Nikatoa toleo, na kila kifaa cha ARM kilicholivuta kikaanguka usiku ule kilipofika wakati wa kukandamiza.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini jaribio langu lilipita. Nilikuwa najenga kwenye mashine ya amd64. Ndani ya hatua ya arm64, kerneli ilikutana na faili lenye baiti ya `3e`, ikaona ni la kwake, ikaliendesha moja kwa moja bila hata kumgusa QEMU. Zana ile haitegemei maktaba yoyote ya nje, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuikwamisha. Neno `arm64` kwenye faharasa ni lebo inayobandikwa kutokana na `--platform` uliyoandika. Buildx haifungui imeji kuhakikisha kilichomo kinafanana na lebo.

Kurekebisha ni kutumia `TARGETARCH` kwenye anwani, lakini hapo pana mtego mwingine: Docker husema `amd64` na `arm64`, wakati `uname -m` na waandishi wengi wa zana husema `x86_64` na `aarch64`. Inabidi uandike `case` ndogo ya kugeuza majina. Na lile jaribio la `--version` nimelitoa, nikaweka mahali pake linaloitazama baiti yenyewe:

`RUN od -An -j18 -N1 -tx1 /usr/local/bin/zana`

Linachapisha `3e` au `b7`, na mistari miwili ya ganda (shell) baada yake inasimamisha ujenzi kama herufi hazilingani na `TARGETARCH`. Tangu hapo sijatuma faili la prosesa isiyo yake.

Kuna usumbufu mwingine niupitie upesi. Kwa uhifadhi wa zamani wa imeji, `--load`, inayoileta imeji kwenye mashine yako, haikubali prosesa mbili kwa mpigo, kwa hiyo huwezi kujenga zote na kuziona kwenye laptopu yako kabla ya kusukuma. Ama ujenge moja, ama uwashe uhifadhi wa containerd, unaoipokea faharasa nzima. Nimeuwasha na sirudi nyuma. Kisha toleo la 0.10 la Buildx, la mwaka 2023, lilianza kuongeza taarifa za asili ya ujenzi kwenye faharasa bila kuulizwa, na taarifa hizo huonekana kama prosesa iitwayo `unknown/unknown`. Wazo lenyewe ni zuri, maana imeji ijulikane ilijengwa wapi na kwa msimbo upi, ila mfumo mmoja wa zamani wa kupeleka programu tuliokuwa tunautumia ulishindwa kuusoma mstari huo na kukataa imeji nzima. `--provenance=false` ilitutoa pale hadi tulipouhama mfumo ule.

Kache, akiba ya hatua zilizokwisha kujengwa, inataka maelezo kidogo. Kila prosesa ina matabaka yake, na kwenye seva ya kujengea inayoanza tupu kila mara, bila kache ya nje unalipa gharama yote upya. Natumia `--cache-to type=registry,mode=max`, na `mode=max` ni muhimu kwa sababu bila hiyo zinahifadhiwa hatua zilizobaki kwenye imeji ya mwisho tu, wakati kazi nzito yote iko kwenye hatua ya ujenzi inayotupwa. Ukija kutenganisha prosesa kwenye mashine mbili, kila moja ipe jina lake la kache. Mimi nilizipa jina moja na zikawa zinafutana kwa wiki nzima, huku nikijiuliza kwa nini kila ujenzi wa pili ni wa pole pole.

Na kutenganisha ndiko ninakokupenda kuliko yote. Kuna msimbo usioepukika, wa C na C++ wenye maktaba nyingi, ambao kuukompailia prosesa nyingine ni kazi ya siku kadhaa na kuuigia kwa QEMU ni masaa. Buildx inakubali kumpa mjenzi mmoja mashine mbili:

`docker buildx create --name mjenzi --append --node arm --platform linux/arm64 ssh://jenzi@seva-arm`

Baada ya hapo amri ya kila siku haibadiliki hata herufi. Buildx inapeleka kazi ya arm64 kwenye seva ya ARM, ya amd64 inabaki ulipo, zinajengwa kwa pamoja, na mwisho inakuunganishia faharasa moja. Kwa ule mradi wetu mzito, tulitoka kwenye ujenzi wa kuachia usiku na kurudi asubuhi, tukaja kwenye ujenzi wa robo saa. Kama mashine zako mbili haziwezi kuonana kwa ssh, kila moja ijenge na kusukuma ya kwake, halafu `docker buildx imagetools create` inaziunganisha ghalani kwa kuandika faharasa tu, bila kuvuta tena tabaka lolote. Inachukua sekunde chache.

Nimejaribu pia Podman, zana nyingine ya kontena, inayojenga kwa `--platform` na `--manifest` na kufika kule kule, na kwa asiyetaka huduma ya Docker inayokaa chinichini ni chaguo safi. Nimebaki na Buildx kwa sababu ya mjenzi wa mashine nyingi na kwa sababu ya `bake`, ambayo inaniruhusu kuandika huduma zetu zote na prosesa zake kwenye faili moja na kuzijenga kwa amri moja.

Ushauri mmoja kwa anayeanza: usiorodheshe prosesa usizokuwa na mashine yake. Kuona `linux/s390x` na `linux/riscv64` kwenye ukurasa wa mradi kunapendeza, nami niliwahi kuweka tano. Kisha nikatambua kwamba tatu kati yake hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziwasha, na s390x inapanga baiti kwa mpangilio tofauti na amd64 na arm64, jambo ambalo msimbo wetu wa kusoma vipimo haukulizingatia hata kidogo. Nikaziondoa. Nimebakiza mbili ambazo nina mashine zake mezani, na kila toleo linaendeshwa kwenye zote mbili kabla ya kupewa jina la mwisho.

Ninachowaomba wanaoiendeleza Buildx ni kitu kimoja. Waiwezeshe itazame ile baiti ya 19 ya mafaili yaliyomo kwenye imeji kabla ya kubandika lebo, na inipigie kelele `3e` ikikutwa ndani ya arm64. Hadi hapo, mstari wangu wa `od` unabaki kwenye kila Dockerfile.